Jivu Chini ya Ukuta

Mabinti wanaokuja kwangu kujifunza uashi huniona nikifanya jambo moja kila asubuhi kabla mtu yeyote hajapanda jukwaani. Naingia ndani ya jengo, chumba kwa chumba, nimeinamisha kichwa, naangalia sakafu. Wanadhani natafuta misumari isije ikamchoma mtu. Mmoja aliwahi kuniambia, "Bibi, leo nimefagia mwenyewe, usihangaike." Nilimshukuru, kisha nikaingia kuangalia.

Ninachotafuta ni jivu. Nitaeleza polepole, maana jambo lenyewe halieleweki kwa mtu aliyekulia chini ya bati.

Kwetu Izimbya, nilipokuwa mtoto, nyumba ilikuwa msonge, umeezekwa nyasi toka kileleni hadi karibu na ardhi, na migomba imeuzunguka pande zote. Lakini msonge uliokamilika haukuwa nyumba bado. Ulikuwa miti na nyasi tu. Siku mwenyewe alipoingia na kuwasha moto kati ya mafiga, ndipo ulipokuwa nyumba, na tangu siku hiyo makatazo yote ya nyumba yalianza kufanya kazi. Katazo, kwa lugha yetu, tuliliita muziro. Kulikuwa na muziro wa hiki na wa kile, na mingi tuliivunja kimyakimya tukacheka. Mmoja hatukuucheka. Binti ambaye baba yake yu hai hapandi juu ya nyumba. Akipanda, amemkanyaga baba yake utosini, na baba huyo hatamaliza mwaka.

Jirani yetu alikuwa na binti aliyenizidi umri kidogo. Msimu mmoja wa senene, panzi wale wa kuliwa walitua kwa wingi mpaka nyasi za paa zikageuka rangi, naye akapanda kuwakamata. Alijaza kikapu chake, akashuka akicheka. Kabla senene hawajarudi tena, baba yake alikufa. Sikumbuki aliugua nini. Nadhani hakuna aliyeshughulika kukumbuka, kwa kuwa kila mtu aliona anajua sababu. Yule binti hakupigwa wala hakutukanwa. Ilikuwa tu kwamba akifika kisimani, wanawake wananyamaza, na akiondoka, wanaanza tena kuzungumza. Nilikuwa miongoni mwa walionyamaza. Nilimtazama mgongo wake akipanda kilima na mtungi kichwani, nikajiambia kwamba mimi sitakuwa yule, hata iweje.

Sasa nieleze nilivyokuwa fundi.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka ile kahawa ilipokuwa na bei nzuri na watu wakaanza kutaka kuta za matofali ya kuchoma. Wanawake tulichukuliwa kazini kuchota maji, kukanyaga udongo na kubeba matofali kichwani. Mimi niliingia kwenye kundi la mzee mmoja wa Bukoba mjini, Mwislamu, ambaye babu yake alitoka pwani. Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko chetu sisi tuliokipata shuleni. Yeye ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Asubuhi moja ya msimu wa kahawa, waashi wake wengi walibaki kwenye vibanja vyao, mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, kuvuna. Akatazama ukuta uliofika magotini, akatutazama sisi wabeba maji, akaninyooshea mwiko.

"Shika, binti."

"Mimi, mzee?"

"Udongo umeshakanyagwa, utakauka. Shika."

Wale mnaoanza, msiogope sehemu hii. Watu husema uashi ni kazi ya nguvu, lakini zaidi ni kazi ya mtu asiye na haraka. Tofali moja hulazwa juu ya mawili, ili ufa usipate njia ya kushuka. Unatandika udongo, unakaza tofali kwa kiganja, unaligonga kidogo kwa kitako cha mwiko, unasogea. Kila baada ya muda unaangusha timazi, ile kamba yenye uzito chini, uone kama ukuta umesimama wima au umeanza kuinama. Nilijifunza. Msimu wa kahawa uliisha, waashi wakarudi, na mzee hakuninyang'anya mwiko. Vibarua walinibatiza jina, Mama Mwashi, ingawa sikuwa nimeolewa. Aliyelianzisha alikuwa mtu mzima mwenye maneno mengi, ambaye pia aliwapikia wenzake.

"Mama Mwashi," aliniuliza siku moja mbele ya wote, "mahari yako tulete matofali mangapi?"

"Zaidi ya unayoweza kubeba."

"Basi nitakuoa kidogo kidogo!"

Walicheka, nami nikacheka. Kuta zote nilizojenga mpaka wakati huo zilinifikia kifuani, au zilinizidi kidogo nikasimama juu ya pipa. Sehemu za juu walipanda wanaume. Hakuna aliyesema chochote kuhusu hilo, na mimi sikusema.

Halafu tukapata kazi ya zahanati ya akina mama, upande wa Muleba, juu ya mgongo wa kilima ambapo ziwa linaonekana lote. Kutoka kwetu palikuwa mwendo wa saa nyingi kwa miguu, kwa hiyo nililala kwa mama mmoja mjane wa pale kijijini. Kuta zilipofika mwisho, zilibaki sehemu mbili za juu, mbele na nyuma, zile pembetatu zinazobeba mgongo wa paa. Sisi tuliziita vichwa vya ukuta. Vichwa hivi hupandishwa pamoja, uzi umefungwa toka kimoja hadi kingine, fundi mmoja huku na mwingine kule, la sivyo mgongo wa paa utainama. Na kuta zetu zilikuwa za matofali yaliyolazwa kwa udongo. Mvua kubwa ikizikuta wazi, udongo unayeyuka na matofali yanateleza. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya ziwa kila jioni.

Fundi wa pili alikuwa amekwenda Uganda kutafuta maisha. Tulibaki mzee na mimi.

"Wewe utachukua kichwa cha nyuma," alisema.

Niliuweka mwiko chini. Baba yangu alikuwa hai, tena alikuwa anaumwa. Kifua kilikuwa kimemshika tangu kiangazi, anakohoa mpaka anashika nguzo. Nilimweleza mzee habari ya muziro, nikitazama chini, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Aliketi juu ya rundo la matofali.

"Kwenu, nyumba inaanza lini kuwa nyumba?"

"Ikishawashwa moto ndani."

"Na hii imewashwa moto?"

"Hapana, mzee."

"Basi hii ni matofali. Unapanda juu ya matofali, mwanangu, kama ulivyopanda juu ya tanuri kuyapanga."

Aliwaita vibarua wote akawaambia, asionekane mtu na moto ndani ya kuta hizi mpaka bati lipande. Mpishi wao akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nilipanda. Ninyi mmezoea majukwaa ya mbao zilizopigwa misumari. Letu lilikuwa miti iliyofungwa kwa kamba za migomba, na likicheza kidogo unasikia kamba zikilia. Hata hivyo kuanguka hakukunishughulisha. Kila nilipoweka mguu juu zaidi nilimwona baba akikohoa, mkono kwenye nguzo. Nilirudia maneno ya mzee, hii ni matofali, hii ni matofali, mpaka mikono ikatulia. Jioni kichwa changu kilikuwa kimepanda sawa na chake. Kesho yake kikapanda tena. Nilianza kuona hata uzuri wa ziwa.

Jumapili sikufanya kazi. Nilikwenda misani, na mchana mvua ikanyesha, fupi lakini yenye upepo. Jumatatu asubuhi tulikuta udongo wa juu umelainika. Mzee akaharakisha watu, nami nikapanda mbio bila kuingia ndani. Nililaza mstari mmoja, nikaanza wa pili. Nikageuka kuomba udongo, macho yakashuka ndani ya chumba kilichokuwa chini yangu.

Mafiga matatu. Katikati yake jivu jeupe, na pembeni maganda ya ndizi yameshakuwa meusi.

Nakumbuka nilishika ukuta kwa mikono yote miwili, na tofali nililokuwa nalo likaanguka kwa ndani. Lilitua karibu na jivu. Lilipasuka.

"Nani amewasha moto humu?"

Chini wakatazamana. Kisha mpishi akajitokeza, akifuta mikono kwenye kaptura.

"Mama Mwashi, jana upepo ulikuwa mkali. Tungekula mbichi?"

"Uliambiwa!"

"Niliambiwa mpaka bati lipande. Sasa na hiyo mvua..." Akaacha kusema. Naye alikuwa Mhaya kama mimi. Nilimwona akihesabu mambo kichwani, jivu, mimi juu, baba ambaye nilikuwa nimemtaja kuwa mgonjwa. Mzaha ukamtoka usoni. "Shuka," akasema kwa sauti ndogo. "Shuka, dada. Shuka tu."

Hakuwahi kuniita dada. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko jivu lenyewe.

Nilishuka bila kuhisi miti chini ya nyayo. Mzee akaja toka upande wake. Akatazama ndani, akamtazama mpishi. Yale maneno yake mazuri juu ya matofali yalikuwa yamekufa, naye alijua. Akasema tu, "Nenda ukamwone baba yako. Mimi nitafunika kichwa chako cha ukuta kwa majani ya migomba. Lakini mvua ikija ya kweli, majani hayataizuia."

Safari ile nimeitembea tena mara nyingi usingizini. Watu niliokutana nao njiani walinisalimia kama kawaida, nami katika kila salamu nilitafuta dalili. Mwanamke mmoja aliniuliza habari za nyumbani, nikampita mbio. Kunguru aliyeketi njiani hakutaka kuondoka, nikazunguka kwa mbali. Nilihesabu makosa. Siku zile za kwanza nilipanda juu ya matofali, lakini Jumatatu nilipanda juu ya nyumba. Kwa hiyo kama lilikuwa limetokea, lilitokea asubuhi hii, wakati ninalaza ule mstari. Nikajaribu kukumbuka kama niliwahi kumsikia mtu akisema mara ngapi kupanda kunatosha.

Nilipokaribia kibanja chetu nilisikia sauti za watu wengi. Sauti za wanaume, uani kwetu. Kwetu wanaume wakikusanyika uani mchana, mara nyingi kuna mtu wa kuzikwa. Nilikaa chini kando ya mgomba. Nilibaki hapo mpaka nikasikia mmoja wao akicheka, cheko refu, na wengine wakimfuata.

Walikuwa wanakamua ndizi za rubisi, pombe yetu. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda kivulini, amejifunika blanketi, anatafuna buni kama kawaida yake na kuwaelekeza wenzake namna ya kukanyaga. Aliponiona akafurahi, halafu akaona uso wangu.

"Kuna nini, mwanangu? Umefukuzwa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilifikiria kusema ndiyo. Lakini nilijua kwamba nikinyamaza, na kifua kikamchukua, nitakuwa nimemwua mara mbili. Nikapiga magoti, nikamweleza yote: vichwa vya ukuta, maneno ya mzee, Jumapili, upepo, mafiga.

Wanaume waliacha kukanyaga. Baba mdogo, mdogo wake baba, alikuwa wa kwanza kusema.

"Nilisema mimi! Binti kushika mwiko, mwisho wake ni huu. Asirudi kule."

Mama alikuwa mlangoni. Aliketi ghafla kama aliyesukumwa.

Baba alitoa buni mdomoni akaiangalia kiganjani.  Ninyi mnaosikiliza, nataka mwelewe kwamba baba yangu hakuwa mtu wa kudharau mila. Aliamini. Angekuwa haamini, hadithi hii ingekuwa rahisi.

"Kile kichwa," aliuliza, "kimebaki kiasi gani?"

"Kazi ya kama siku moja, Tata."

"Na mvua?"

"Iko juu ya ziwa."

"Ikibomoka, watasemaje?"

 Alijua wangesema nini. Wangesema mwanamke alijenga ukuta ukaanguka, na baba yake akafa, na hakuna binti mwingine ambaye angepewa mwiko kutoka pale hadi mjini.

"Mimi nikae hapa," alisema, kama anayejisemea, "nisikilize kifua changu usiku kucha, nijiulize kama ni leo? Hapana. Kesho tunakwenda wote."

"Kaka, una wazimu," baba mdogo akasema.

"Huenda. Nitafutie mtu mwenye baiskeli."

Alikwenda amekalia baiskeli ya jirani aliyemsukuma milimani, blanketi begani, kigoda kimefungwa nyuma. Kila alipokohoa tulisimama. Tulifika jioni, akalala kwa yule mjane, na asubuhi akaamkiana na mzee wa mjini kwa heshima zote, kila mmoja akishika mkono wa mwenzake kwa mikono miwili. Mpishi aliposikia kuwa huyu ndiye baba, alijificha nyuma ya tanuri.

Mawingu yalikuwa meusi mpaka chini. Baba akauliza, "Jivu liko wapi?" Nikamwonyesha. Akaingia, akaweka kigoda chake pale pale kati ya mafiga, akaketi. Juu yake, wazi, kilikuwa kichwa changu cha ukuta.

"Panda."

"Tata, siwezi."

"Nami nikisema naweza, nakudanganya." Akachukua tunda moja la kahawa kavu, akalipasua kwa meno, zikatoka buni mbili. Hivyo ndivyo wanaume wa kwetu walivyofanya walipofungamana undugu, buni mbili za tunda moja, kila mmoja yake. Sijawahi kuona mtu akifanya na binti. Alinipa moja. "Kama nitakufa, nife nikiona kazi yenyewe ni nini. Panda sasa."

Nikapanda, buni mdomoni, chungu.

Siwezi kuwaambia kwamba hofu iliondoka. Ilipanda pamoja nami. Nililaza tofali, naye akakohoa, mkono wangu ukasimama hewani. Nikalaza jingine, akakohoa, nikasimama. Mzee toka upande wake alikuwa ananisubiri, uzi umelegea. Matone ya kwanza yakaanguka juu ya mkono wangu. Chini ikatoka kikohozi kirefu, kile cha kushika nguzo, na pale hapakuwa na nguzo. Nikafumba macho.

"Wewe huko juu!" Sauti ilikuwa imekwaruzika, yenye hasira. "Ukisimama kila nikikohoa, tutalala hapa! Kukohoa ni kazi yangu. Wewe jenga!"

Mtu mmoja akacheka nyuma ya tanuri. Kisha nikaona ngazi inatikisika, mpishi anapanda na karai la udongo begani, mbio, bila kunitazama usoni. Akanimiminia udongo, akashuka, akarudi na mwingine. Nililaza. Baba akakohoa, nikalaza. Aliponyamaza niliogopa zaidi kuliko alipokohoa, nikaita, "Tata!" naye akajibu, "Jenga!" Tukaendelea hivyo, yeye na mimi, mpaka uzi ukakazwa na mzee akasema alhamdulillahi, na wanaume wakaanza kupitisha mti wa mgongo wa paa juu ya vichwa viwili vilivyolingana.

Mvua ya kweli ilitukuta tunamaliza kufunga mabati juu ya vichwa vya ukuta. Nilishuka nikaingia ndani. Baba alikuwa bado kwenye kigoda, majani ya migomba kichwani. Nilipomshika mkono kumwinua, ulikuwa wa baridi na unatetemeka mpaka begani, na nikajua kwamba muda wote ule aliokuwa akinifokea, alikuwa anasubiri.

Aliishi. Kifua kilimwachia masika yalipoisha, akavuna kahawa yake misimu mingi zaidi, akawapokea nyumbani wanawake wa kwanza niliowafundisha kazi na kuwauliza mahari yao ni matofali mangapi. Alikufa mzee, kitandani, mimi nikiwa na kundi langu mwenyewe la mafundi. Habari ziliponifikia, kabla sijalia, nilijikuta nauliza moyoni, juma hili nilipanda wapi? Mpaka leo sijui kulitoa swali hilo mahali lilipo.

Kwa hiyo asubuhi naangalia sakafu. Mara nyingi ni vumbi tu, nasema haya, pandeni. Siku nyingine nakuta jivu, maana walinzi hupika na usiku wa kwetu una baridi. Hapo namwita binti ambaye zamu yake ni ya juu, namuuliza kama baba yake yu hai. Wengine hucheka, wakapanda. Lakini wapo wanaotazama chini na kunyamaza, na hao nawafahamu. Nachukua kigoda changu, naketi pale penye jivu, chini yake, na nakohoa kidogo ili ajue nipo.

"Jenga," namwambia.